Jiwe Jekundu Si la Mpaka

Siku moja bado naikumbuka, mjukuu wangu, kwa sababu nilikaribia kufukuzwa kazi kwa ajili ya mawe. Nilikuwa msichana, nimetoka Gulwe, nafyeka na kufagia kwenye kiwanja cha gofu hapa Dodoma. Usicheke. Vumbi lilikuwa jingi kuliko nyasi, lakini watu walicheza.

Kila pa kuanzia kupiga paliwekwa mawe ya rangi: mekundu karibu na shimo la kutumbukizia mpira, meupe nyuma kidogo, ya bluu mbali kabisa, kwa wenye nguvu. Asubuhi ile msimamizi wetu, Mzee Chilongani, akaniambia niyasogeze yote kidogo. Nikakataa. Kwetu Wagogo jiwe la mpaka haliguswi. Baba yangu na mdogo wake waliacha kula pamoja kwa ajili ya jiwe moja la shamba. Nikamwambia heri nirudi kwetu na njaa kuliko kurudi na laana.

Hakunigombeza. Alisema kama ni kunifukuza, atanifukuza jioni. Naye alikuwa mchezaji, wa mawe ya bluu miaka yote, ila goti lilikuwa limemchoka. Siku hiyo akayapita ya bluu, akayapita meupe, akaweka mpira wake kwenye mekundu, walikozoea kuanzia akina mama. Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akamuuliza, "Mzee, leo umekuja na kanga?"

"Shimo halivai kanga wala suruali," akajibu. "Tutakutana hukohuko."

Wakakutana kweli. Kijana yule aliyemcheka alipiga kwa nguvu kutoka kwenye mawe ya bluu, mpira ukaenda miibani, akafika shimoni shati limechanika. Mzee alikuwa amekaa chini anamsubiri.

Ndipo akaniita. "Binti, jiwe la shamba linasema, mwisho wako hapa. Hili linasema, anzia hapa. Ukiyachanganya utateseka maisha yako yote."

Nikayasogeza. Pale watu walipokuwa wakisimama, nyasi zilikuwa zimenyonyoka kama utosi wa mbeba maji. Hata ardhi huchoka kukanyagwa palepale.

Jana ulirudi hapa Makole kutoka ofisini kwenu Mtumba, viatu mkononi, unalia kwamba wenzako wamekupita na unataka kuacha kazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unajua wao walianzia jiwe gani? Mwingine alisomeshwa na baba mwenye magari. Wewe nimekusomesha kwa jembe la mkono, mimi bibi yako, na sioni haya kusema.

Usiache kazi. Anzia kwenye jiwe lako, na ukichoka lisogeze, wacheke watakaocheka. Mimi mwenyewe mwaka huu nimeliacha shamba la mbali. Mgongo umekataa, basi. Nalima mchicha hapa nyuma ya nyumba, na sufuria haijaniuliza mboga imetoka wapi.

Mungu akupe miguu ya kukufikisha, na akili ya kujua pa kuanzia. Sasa kalale, mwanangu. Kesho kazini.