Tablette Zilivyoingia kwa Likelemba ya Bashofere Bangu

Mimi, hakuna kitu inaweza kunishangaza tena. Masomo yangu iliishia primaire, nilisukuma pousse-pousse, kale kagari ka mikono, ya makala ya kupikia mu commune ya Kampemba, na leo niko na kamiyo zangu zinazobeba chokaa kwa njia ya mugodi ya Kinsevere. Yote kwa mikono hii.

Siku moja client wa kule akaniambia: kuanzia mwezi unaokuja hatapokea tena bon ya karatasi, ile tunaandikia muzigo. Kila muzigo uandikwe kwa tablette, kama sivyo anatafuta transporteur mwingine. Na ile contrat ndiyo inalisha nyumba yangu.

Nikanunua tablette, nikaita bashofere, nikapiga kelele: “Kuanzia leo karatasi imekufa.” Juma ikapita, hakuna kilichoandikwa. Tablette zilikuwa zinalala kwa nyumba, mu bavalise ya nguo ya babibi zao, zimefungwa mu plastiki.

“Patron,” doyen wa bashofere, muzee wao, akasema, “ikivunjika utakata mushahara. Pale kwa valise haivunjike.”

Nikaita mama mumoja wa quartier Bel-Air, mutoto wa Bakasai, mwenye kufundisha mashine za kompyuta mu babureau. Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alikaa juu ya bidon ya mafuta mu parcelle yangu, pale kamiyo zinalala, akaangalia bashofere wakifanya likelemba yao: kila vendredi, mwisho wa juma ya kazi, wote wanatoa feza, mumoja anakula yote, juma ingine mwenzake. Akamuuliza doyen:

“Papa, vendredi hii nani anakula?”

“Mimi.”

“Basi ni weye utabeba tablette ya kwanza. Yule anakufuata, utamufundisha kwanza, ndiyo apokee feza.”

“Na ikivunjika?”

Akanigeukia. “Patron, jibu.”

“Nitatengenezesha mimi.”

“Sema kwa nguvu. Ba nyuma habakusikia.”

Wakacheka. Hakuna muntu alikuwa amenituma hivyo mu parcelle yangu. Nikarudilia.

Doyen akajifunza kwa kidole kimoja, kisha akawa mwalimu mukali: “Wee, finya polepole, haiko ndimu.” Kila muntu akamusukuma mwenzake, kwa sababu mwenye kuchelewa anachelewesha mufuko wa wote. Miaka yote ile likelemba ilikuwa mbele ya macho yangu, lakini ni ule mama aliyeona kazi yake.

Mwisho wa ule mwezi mupya client akafungua mashine yake, akaona mizigo yote. “Tunaendelea,” akasema, nikapumua.

Mama akataja bei yake. Mimi mwenye kubishania hata fungu ya majani ya sombe ku soko, sikubisha. Dola mia nne zake, na thelathini na tano za kutengenezesha kioo ya tablette moja iliyopasuka njiani, kama nilivyoahidi: dola mia nne thelathini na tano.