Posho ya Kungoja Gari la Moshi

Siku ya kwanza nilipoingia kazini katika boma la Songea nilipewa kibaba cha bati cha kupimia nafaka, nikaambiwa nisikipoteze. Mnyapara Mkuu, mtu wa pwani aliyekuja na Wadachi, yaani Wajerumani, alinitazama kuanzia miguuni, akauliza, "Kusoma unajua?" Nikamjibu kidogo, maana misheni nilikaa muda mfupi tu, vita vikatutawanya. Akasema, "Kidogo kinatosha. Wapagazi hawasomwi, wanalishwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya unyapara wa safari, na niieleze kwa vijana wa leo wanaoletewa mizigo kwa lori. Mizigo ya boma ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Mpagazi aliweka ngata, ile pete ya majani yaliyosokotwa, kisha mzigo juu yake. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia. Mimi nilikuwa nyuma, naangalia watu wasipotee na kugawa posho, yaani nafaka ya kula njiani. Boma lilinipa mimi amri, lakini mwendo ulikuwa wa kirangozi. Hakuna aliyejitwika kabla yake, wala hakuna aliyetua kabla yake, hata shingo iwake moto. Aliyetua mapema alitungiwa wimbo na wenzake, na wimbo huo ulitangulia kufika kwa mkewe.

Kirangozi wetu alikuwa Mzee Nyoni, Mngoni wa upande wa Matogoro. Alipigana vita vya Maji Maji, na ndugu zake walinyongwa hapa hapa Songea. Kwa nini basi alibeba mizigo ya boma? Nadhani ni njaa, ingawa sikumwuliza, na huenda nakosea. Askari walikuwa wamechoma mashamba na maghala, watu wakala mizizi ya porini. Mtama ulikuwa bomani tu. Mpagazi alikula nusu ya posho yake njiani, nusu akaifunga kwenye nguo kwa ajili ya watoto. Tulipoondoka, wanawake hawakuwa wakituaga sana. Walikuwa wakizitazama zile nguo.

Mara moja Bwana Mkubwa, Mdachi aliyetawala wilaya, alituamuru twende Morogoro. Kwa kawaida tulikwenda Kilwa. Safari hii tulikwenda kumpokea Bwana Mganga, daktari aliyekuwa anakuja kwa gari la moshi kutoka Dar es Salaam na masanduku ya dawa. Tulifika kwa wakati tulioagizwa. Gari halikuwapo.

"Leo linakuja," alisema karani wa stesheni. Kesho yake akasema vile vile. Mwishowe akakiri kwamba mvua imekula tuta na reli inaning'inia hewani.

"Sisi tumevuka mito yote hiyo na hatukuliwa," alisema Kasiani, mpagazi mwenye maneno mengi. "Wangetuita tukalibebe."

"Ulibebe na shingo hiyo ya kuku?" mwenzake akamjibu.

Tulicheka mwanzoni. Lakini kila asubuhi kibaba changu kiliingia kwenye posho ya kurudi, na kila mtu aliona nguo yake ikilegea. Kurudi bila gari hatukuwa na ruhusa. Kicheko kikatuishia.

Lilipokuja, ardhi ilijua kabla ya macho. Nilisikia mtetemo kwenye nyayo, nikadhani ni homa. Kisha likajitokeza, jeusi, linapumua kama mnyama aliyekimbizwa, na nyuma yake nyumba zinazofuatana. Hakuna aliyekimbia, kwa kuwa miguu haikukumbuka. Mpaka leo sina maneno ya kutosha; nimejaribu kuandika jambo hilo mara nyingi na kulifuta. Mzee Nyoni ndiye aliyesema kwanza.

"Kirangozi wake yuko wapi?"

Nikamwonyesha mtu aliyesimama penye moto, uso umepakwa makaa. Mzee akamtazama. "Naye amechoka," akasema.

Njia ya kurudi ilikuwa ngumu. Watu waliuza nguo zao kwa mihogo. Ni haki niseme kwamba Bwana Mganga aliona hali yetu, akatugawia chumvi yake na kufupisha mwendo. Lakini chakula cha kutosha naye hakuwa nacho.

Tulipokaribia Songea Mzee Nyoni akaniita. "Mwanangu, utasema habari ya posho ya siku za kungoja?"

"Nitasema, mzee. Lakini boma halijawahi kulipa."

"Wewe sema. Sisi tutakuwapo."

Tuliingia bomani jua likiwa kali. Wanawake walisimama nje ya ukuta. Nikatoa habari ya safari, kisha nikaomba posho ya kungoja, sauti yangu ndogo kuliko nilivyotaka. Bwana Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Boma linalipa posho ya kutembea. Morogoro walikaa. Aliyewachelewesha ni gari la moshi, basi wakalidai gari la moshi."

Mnyapara Mkuu akacheka, akageuka kwa wapagazi. "Haya, tueni."

Mzee Nyoni hakutua.

Na kwa kuwa yeye hakutua, hakuna aliyetua. Walisimama mstari mzima, masanduku kichwani, jasho linadondoka videvuni. Sajini akawapanga askari wake. Kutoka pale mtu aliweza kupaona mahali walipowanyonga ndugu zake Mzee, na najua alipaona, kwa sababu alikuwa ameelekea huko.

Bwana Mkubwa akaniuliza mimi, "Huu ni uasi?"

Nikamjibu, "Hapana, Bwana. Mwenye mzigo kichwani bado anafanya kazi ya boma."

"Mwambie huyo mzee aseme anachotaka."

Mzee hakuinua sauti. "Bwana, Morogoro hatukuwa na ruhusa ya kurudi kwetu. Mtu asiye na ruhusa ya kurudi kwake, yuko kazini kwa nani?"

Sanduku la Kasiani likaanza kuyumba, chupa zikalia ndani. Bwana Mganga akamsogelea Bwana Mkubwa, wakasemezana kwa Kidachi. Sijui walisema nini. Labda alituombea sisi, labda aliziombea chupa zake, siwezi kuapa. Ghala likafunguliwa.

Nikapima mtama mbele yao, kibaba kwa kibaba, wao wamesimama vile vile na mizigo yao. Fungu la mwisho lilipokamilika, Mzee Nyoni akakunja magoti, akatua taratibu. Masanduku yote yakagusa ardhi kwa kishindo kimoja. Nimeliona gari la moshi, na baadaye niliona hata ndege, lakini nywele hazikunisimama kama siku ile.

Kisha Bwana Mkubwa akatoa amri: huyu mzee asibebe tena mzigo wa boma. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia. Kwa haki, angeweza kuamuru kiboko, na hakuamuru. Tena posho ya kungoja hakuifuta. Tangu hapo ililipwa kila msafara ulipocheleweshwa. Mzee alinisikiliza, akaitika, akajitwika fungu lake na kwenda kwao.

Niliifanya kazi ile mpaka Wadachi wakaondoka na Waingereza wakaja, hadi malori yalipotuondoa sote njiani. Sasa nimestaafu, na sijui kama mambo haya yatamfaa mtu. Nikumbukacho zaidi ni safari moja tulipopita Matogoro na mpagazi mgeni, akaniuliza ni Mzungu gani mwema aliyeanzisha posho ya kungoja. Nikamwonyesha Mzee Nyoni, aliyekuwa akipalilia shamba lake kando ya njia.

"Mbona yeye hayupo safarini nasi?"

"Kwa sababu wewe," nikamwambia, "unakula ukingoja."