Ishara Fupi ya Njia ya Maghala

Ndeshi hakuwahi kuajiriwa reli, wala hakuomba. Yeye ni muuza ndizi za kupika wa Daraja Mbili, Arusha, na kila asubuhi huvuka njia ya treni ya kwenda maghalani akiwa na mkungu kichwani. Kando ya njia hiyo palikuwa na ishara fupi, haifiki hata kiunoni: sahani ya bati jeupe yenye mstari mwekundu. Mstari ukilala, treni inangoja, wanawake wanapita. Ukiinama, kichwa cha treni kinarudi kinyumenyume kufuata mabehewa, na mwenye akili anasimama.

Zamani ishara kama hiyo zilikuwa nyingi. Moja iliondolewa wakati treni ya abiria ilipoanza tena kuja Arusha, nyingine ikagongwa na lori na hakuna aliyejisumbua kuiinua, zilizobaki zikang'oka polepole kama meno ya mzee. Ikabaki hiyo. Siku ilipopakwa alama ya kuondolewa, Ndeshi alipanda Meru kwa kaka yake, akachimba masale, akaja kuyapanda kuizunguka.

Mafundi wa reli walifika na sululu zao, wakaganda. Masale ni mti wa mpaka na wa kuombea msamaha. Mtu wa mlimani hayakati hivihivi. Mmoja alikumbuka koti aliloacha, mwingine simu. Wakarudi walikotoka.

Ndipo akaja msimamizi wao, Romanus, kijana wa Kibosho, Kilimanjaro. Alitoa shikamoo, akaeleza kwamba siku hizi dereva na stesheni wanaongea kwa redio, ishara ile haina kazi.

"Dereva ana redio," Ndeshi akasema. "Mimi nina mkungu, baba. Shingo haigeuki. Hiyo fupi naiona kwa kushusha macho tu."

Romanus akaahidi bango. Ndeshi akamuuliza kama bango litajua treni inapokuja. Irine, muuza ndizi mwenzake, alicheka mpaka kitenge kikamlegea.

Lakini Ndeshi alisahau kwamba Romanus naye amelelewa mgombani. Jioni alirudi peke yake na jani la sale lililofungwa fundo, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Nimetumwa. Niruhusu niing'oe."

Jani hilo halikataliwi, hata likiletwa na adui. Ndeshi alilitazama kama amepewa nyoka, akalipokea.

"Nimekusamehe. Ing'oe. Ila masale yangu usiyaguse."

Ishara ikaenda zake juu ya toroli. Asubuhi Ndeshi akaweka kigoda katikati ya masale, akapanga ndizi zake hapohapo, uso kuelekea stesheni. Kichwa cha treni kikianza kurudi, anatandaza kanga nyekundu magotini, na kila mwenye mzigo anasimama. Kikishapita, anaikunja.

Romanus akaja kumweleza kwamba pale si mahali pa biashara.

"Lete jani lingine," Ndeshi akamwambia. "Nitakusamehe tena. Ila nitakusamehe nikiwa nimekaa."