Laini Imerudi, Sauti Hazikurudi

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya duka la simu hapa Voi. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa Bura, mwalimu mstaafu, ameshika kitambulisho kwa mikono miwili.

"Laini yako imerudi, mama," mhudumu akamwambia.

"Asante. Na sauti za binti yangu?"

Akaeleza polepole. Binti alifariki mwaka jana. Sauti alizokuwa akirekodi na kumtumia mamake zilihifadhiwa kwenye akaunti mtandaoni. Wiki iliyopita mtu alimpigia simu akijifanya mhudumu wa kampuni ya simu, akamwomba namba ya kitambulisho, naye akaitaja. Mwizi akahamishia laini kwenye simu yake, akapokea namba za kuthibitisha, akabadilisha nywila ya akaunti na kufuta kila kitu ili aitumie kulaghai wengine.

"Pole sana, mama. Hizo hatuwezi kuzirudisha."

Mama hakulia. Aliuliza tu, "Kwani alizisikiliza kabla ya kuzifuta?"

Nami, ninayejidai kila wiki kwenye safu hii kuwa na la kusema juu ya kila jambo, nilisogea kando nikampisha mama apite.