Godoro la Jumamosi

Kahawa ambayo haijakaangwa hainuki kahawa. Watu wakisikia kwamba sehemu ya utoto wangu niliipitisha ndani ya depo ya kahawa hufumba macho na kuvuta pumzi, wakidhani nilikuwa nikinusa kikombe cha asubuhi. Wapi! Depo ilinuka magunia yaliyoloa, nyasi zilizovundika, na jasho la akina mama walioketi chini tangu alfajiri wakichagua punje mbovu kutoka kwenye nzuri. Mwaka ule volkano iliposhuka mjini Goma, harufu nyingine iliongezeka, ya kiberiti na mpira ulioungua, ikakaa kwenye nywele zetu na ndani ya chakula chetu kwa miezi. Hata leo nikipita mahali wanapoanika magunia, huziba pua nikavuka barabara. Nilidanganya watu miaka mingi kwamba ni mzio. Ni aibu tu, na nina hakika nayo kwa sababu naikumbuka siku ilipoingia.

Baba alikuwa mmoja wa makarani wawili wa depo hiyo. Sisi tulikuwa Wakatoliki kutoka upande wa Bukavu, tuliofuata kazi yake mpaka Goma, tukapanga nyumba ya mbao kule Mabanga. Katika chumba cha nyuma cha uwanja huohuo alikaa Mama Furaha, mjane wa Rutshuru, mmoja wa wale wachaguzi wa kahawa. Furaha mwenyewe, binti yake wa pekee, alikuwa amebaki Rutshuru kwa bibi yake, na vidole vya mama yake ndivyo vilivyomweka shuleni. Mama Furaha alikuwa Msabato. Ijumaa jua likianza kuinama alikuwa kama mtu anayekimbizwa: ateke maji, afue, apike maharagwe na viazi vya kesho, kisha aifunge sufuria ndani ya blanketi kama mtoto mchanga ili isipoe. Jua likizama, mikono yake ilitulia. Jumamosi alivaa kikwembe chake cheupe chenye maua ya bluu, akaenda kusali, na makaa yake hayakuwaka mpaka jioni. Nilimcheka sana kwa ile sufuria iliyolala kwenye blanketi. Naye alicheka, akanipa kiazi cha uvuguvugu.

Depo ilifanya kazi Jumamosi, lakini palikuwa na mapatano ya zamani. Kahawa iliyoanikwa uwanjani haijui siku ya Bwana. Lazima igeuzwe hata Jumapili, na lazima awepo mtu wa kuichunga, maana mji ulikuwa mikononi mwa waasi na wenye bunduki hawakuwa na haya ya kubeba kitu wanachokikuta peke yake. Basi Mama Furaha alipumzika Jumamosi, akafanya kazi Jumapili wakati sisi wote tuko misani. Hakuna aliyelalamika. Alikuwa anatusaidia kusali, ingawa hakuna aliyelisema hivyo. Papa Saidi naye, mzee wa mizani, Mwislamu pekee mle ndani, alipewa saa yake moja ya Ijumaa adhuhuri, akaenda msikitini na kurudi. Tulidhani hivyo ndivyo ulimwengu ulivyo.

Kisha volkano ikatoka. Sitasimulia moto, walioona wameona. Nitasema tu kwamba ilikuwa Alhamisi, tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, pamoja na mji mzima, na mama alikuwa na mtoto wa wiki mbili mgongoni. Baba alikuwa amekamata kitu kimoja tu cha maana, godoro, la sponji, zawadi ya arusi yao, akalifunga kwa kamba akalibeba kichwani katikati ya watu wanaolia. Tulilala nje siku mbili. Jumamosi asubuhi habari zikaja kwamba nyumba zilizosalia zinaporwa, na mtaa wetu ulikuwa umesalia, lava imepita hatua chache tu. Watu wakaanza kurudi kwa miguu juu ya ile lava iliyoganda, nyeusi, bado ina joto, na moshi ukitoka kwenye nyufa zake.

Mimi nilikuwa nimepoteza kandambili zangu katika kukimbia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mrefu kama twiga, miguu mitupu. Hatua tatu juu ya jiwe lile na nilipiga ukelele. Mama alikuwa na mtoto. Baba mkono wake ulikuwa umeteguka mpakani katika msukumano, hata godoro lenyewe alikuwa akiliburuta. Mama Furaha, ambaye asubuhi ile alikuwa amekaa pembeni akisali kimya, alisimama, akaja, akalichukua godoro akajitwika. Kisha akachuchumaa mbele yangu.

"Mutoto, panda mugongo."

Nikamwambia leo ni Sabato. Sijui kwa nini nililisema. Labda nilitaka kumkwepa, maana kubebwa kama kitoto mbele ya mji mzima kuliniua kwa haya. Alinijibu bila kugeuka: "Mungu ataangalia kwanza miguu yako. Kisha ataangalia Sabato yangu."

Nikapanda. Alitembea muda mrefu hivyo, godoro kichwani, mimi mgongoni, viatu vyake vya plastiki vikianza kulainika. Tulipokaribia Mabanga nikaona wasichana wa shule yangu, nikamnong'oneza sikioni kwamba asimwambie mtu yeyote kama amenibeba. Nilimshika kweli, nikamtaka aniahidi. Akasema, "Sitasema." Akanishusha kabla hatujawafikia, mahali palipokuwa na udongo, nikaingia mtaani nikitembea kwa miguu yangu, kifua mbele.

Shule yetu ilikuwa imefunikwa, kwa hiyo miezi iliyofuata nilishinda depo nikimsubiri baba. Depo yenyewe haikuwa ileile. Ya kwanza ililiwa na moto pamoja na kahawa yote, na patroni, mwenye depo, alikuwa amekodi hangari, ghala la mabati, upande ambao lava haikufika. Sasa kahawa ilikuja ikiwa imekwisha kukauka, na mlangoni palikuwa na masentineli, walinzi wenye bunduki. Jumapili hangari lilifungwa kwa kufuli. Hapo ndipo mapatano yale yalipokosa mguu wa kusimamia. Mama Furaha hakuwa na Jumapili ya kutoa tena, na wenzake wakaanza kuhesabu: sisi tunapumzika siku moja, yeye mbili, kwani yeye ni nani? Aliomba aje alfajiri siku nyingine na achelewe kutoka, apate kufidia. Patroni akasema atafikiri. Wengine walikuwa na neno jingine moyoni, kwamba lugha yake, Kinyarwanda, ndiyo lugha ya wale waasi waliokuwa wanautawala mji, lakini miaka ile neno kama hilo lilizungumzwa kwa macho tu.

Mimi nilikaa na akina mama, nikiwasaidia kutoa vijiwe kwenye kahawa, na kazi yao kubwa zaidi ya kuchagua ilikuwa kusimuliana. Kila mmoja alieleza alichookoa. Huyu cherehani, yule mbuzi, mwingine picha ya marehemu mumewe. Nami, mdomo mrefu, nikataka kuwa na cha kusema. Nikasema sisi tuliokoa godoro zima la sponji. Nikasema Mama Furaha alilibeba kichwani juu ya lava, tena siku ya Jumamosi! Wakacheka, wakastaajabu. Sikusema kwamba nami nilikuwa juu ya mgongo uleule. Hilo nililimeza. Mama Riziki, aliyekuwa amekaa karibu nami, hakucheka; vidole vyake vilisimama kidogo juu ya kahawa, kisha vikaendelea. Simlaumu Mama Riziki. Nyumba yake iliungua yote, watoto wake sita walikuwa wakilala juu ya shitingi, turubai la msaada, na hakuna mtu aliyembebea godoro.

Wiki hiyohiyo patroni aliita mkutano. Watu wakakaa juu ya magunia, baba amesimama karibu na meza ya karani, mimi nyuma ya mizani. Patroni hakuwa mtu mkali. Alisema anataka wasemezane wenyewe, asije akaambiwa anapendelea. Wakasemezana, na nikwambie, mengine yalikuwa na akili. Mmoja akasema dini ni ya mtu na Mungu wake, kazi ni ya wote. Mwingine akasema kama tulimwachia miaka yote alipokuwa na faida kwetu, ni aibu kumnyima sasa hana. Mwingine akauliza, tukimpa huyu, kesho akija mwenye dini ya Jumatano? Papa Saidi alikuwa akiangalia viatu vyake. Kwa muda nilidhani Mama Furaha atashinda, maana wengi walimpenda. Ndipo Mama Riziki akasimama.

"Patroni, Jumamosi ile ya kurudi toka Gisenyi, huyu mama alibeba godoro ya karani juu ya kichwa mpaka Mabanga. Ni kusema godoro ya karani haina Sabato, ila kahawa yako iko nayo?"

Patroni akamgeukia Mama Furaha, akamuuliza kama ni kweli. Akajibu, "Ndiyo, nilibeba." Kisha macho yake yakanitafuta nyuma ya mizani, yakanikuta, yakatulia. Hayakuwa macho ya hasira. Alikuwa ananisubiri. Alikuwa ameniahidi kutosema, na mwanamke yule alikuwa wa kutunza: alitunza siku, alitunza ahadi, hata ahadi ya kipumbavu aliyodaiwa na mtoto. Mwenye ruhusa ya kuifungua alikuwa mimi peke yangu. Niliwaza wale akina mama watakavyonicheka, lijitu refu lililobebwa mgongoni, nikainamisha kichwa.

Baba naye aliulizwa. Baba alijua yote. Alikuwa nyuma yetu njia nzima akimshukuru. Lakini makarani walikuwa wawili na kila mtu alijua kwamba depo hii mpya ina meza moja tu, ya karani mmoja. Akasema, "Ni kweli, patroni. Alibeba." Akakomea hapo. Ukweli ulikatwa katikati kama mkate, na nusu iliyoliwa ikawa sumu. Patroni akasema basi, kama Sabato inaweza kupinda kwa ajili ya godoro, ipinde na kwa ajili ya kazi. Jumamosi aje, au Jumatatu asije. Wakapiga makofi machache. Waswahili husema wema hauozi. Wa Mama Furaha uliozeshwa na ulimi wangu kwanza, kisha na kimya changu.

Jumamosi hakuja. Ijumaa iliyotangulia nilimwona akiifunga sufuria katika blanketi kama kawaida, akanipa kiazi, nami nikakosa ujasiri wa kukila mbele yake. Jumapili tulipotoka misani tulikuta mlango wa chumba chake uko wazi, sakafu imefagiwa, amepanda gari la Rutshuru. Nadhani alichagua saa ya misa makusudi, asitutie taabu ya kumuaga. Jioni mama aliisikia habari yote ya mkutano kutoka kwa jirani. Alimuuliza baba jambo moja tu, kwa sauti ya chini, akiendelea kukung'uta unga: "Na miguu ya mutoto, haukuisema?" Tangu usiku huo mama alilala juu ya mkeka na mtoto wake, godoro likabaki la baba peke yake.

Baba alipata ile meza moja. Saa ya Papa Saidi ya Ijumaa haikumaliza mwaka. Walimwambia kwamba sasa sheria ni moja kwa wote, naye akaja kwetu akakaa barazani, akasema tu, laiti siku ile ya mkutano angefungua mdomo. Rutshuru vita viliingia na kutoka, vikaingia tena. Kuna aliyesema alimwona Mama Furaha kwenye kambi ya wakimbizi, na mwingine akasema alivuka kwenda Uganda. Furaha aliacha shule mwaka uleule; hilo ndilo nililolithibitisha, kwa mtu wa kijiji chao, na tangu hapo sikuuliza tena.

Sasa mimi ni mtu mzima, nasimamia wafanyakazi katika ofisi moja hapahapa Goma. Mlima umetapika tena, mji umebadilisha wenye kuutawala tena, na juu ya lava ile watu wamejenga ghorofa. Mambo haya siku hizi yana fomu na mihuri, si ya kukaa juu ya magunia. Lakini juzi kijana mmoja aliomba Jumamosi yake, na mwenzangu mezani akasema alishawahi kumwona Jumamosi amebeba mzigo. Niliwaambia wamuulize alikuwa amembebea nani. Wakanitazama kama nimepandwa na homa, wakaahirisha uamuzi, na bado hawajautoa.

Watu wa rika langu, wale waliovuka Jumamosi ile, wana kawaida ya kuonyeshana nyayo. Wanavua viatu, hapa paliungua, hapa paliota malengelenge, huyu kidole kilikufa. Mimi sivui. Nyayo zangu ni laini, hazina kovu hata moja.