Mdogo Wangu Huja kwa Mto

Siku walipofungua daraja, watu wa pande zote mbili za mto Mekong walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Bualai hakupiga. Alikuwa ameolewa upande wa Thailand miaka arobaini na minne, na kwao Hatsai, upande wa Laos, alipaona kwa macho yake kutoka mlangoni: bati la jiko la dada yake, ngazi za gati, mbwa wakifukuzana mchangani. Kuvuka kwa boti zilikuwa dakika kumi na mbili. Daraja likajengwa kilomita hamsini huko chini, boti zikapigwa marufuku, na kwenda kwa dada kukawa safari ya kutwa. Maendeleo hayo jamani! Unazunguka kilomita mia kufika mahali unapopaona ukifagia uwanja.

Alfajiri moja aliondoka na kikapu cha wali wa kunata na tambuu za dada. Basi, foleni, basi la darajani, foleni tena. Dirishani afisa mmoja akamwuliza anakwenda kufanya nini.

"Nakwenda kwetu."

"Nimeuliza sababu ya safari, bibi."

"Na mimi nimekujibu, mwanangu."

Afisa akaguna, akamgongea kibali cha siku tatu.

Kituoni Hatsai alimkuta Khamtan, mtoto wa dada yake, jitu la miaka hamsini, kaegemea bajaji yake.

"Mama mdogo, nikwambie mapema usije ukaumia. Mama kasahau watu. Juzi kaniuliza mimi ni dereva wa nani."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni dereva wake. Akasema basi niache uvivu, nimpeleke sokoni."

Bualai akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Phengdi, dada yake, ndiye aliyemlea, maana mama yao alifariki Bualai akiwa na miaka sita. Huyo naye akimsahau, hapa duniani nani atabaki anayemjua tangu utotoni? Alikuja kwa jambo hilo moja tu, aitwe jina lake na dada yake, hata mara moja.

Bajaji ikakata mitaa. Mji mzima ulikuwa umeupa mto mgongo. Soko limehamia kwenye lami, duka la Mchina limehamia kwenye lami, hata muuza supu aliyekaa gatini miaka yote sasa alikuwa anapulizia kuni zake katikati ya vumbi la malori. Bualai alitazama kila kitu akanuna.

Waliingia kwa geti jipya la mbele. Phengdi alikuwa kibarazani nyuma, pale panapotazama mto, na kijaluba chake cha tambuu mapajani.

"Dada, ni mimi, Bualai."

Phengdi akamtazama viatu, akapandisha macho taratibu. "Karibu ukae, mama. Unauza nini?"

"Siuzi kitu. Ni mimi, mdogo wako."

"Mdogo wangu huja kwa mto," akasema Phengdi, kwa upole wa mtu anayemwelewesha mjinga. "Wewe umetoka barabarani. Khamtan, mpe mgeni maji."

Aliumia, wee, aliumia. Aliweka tambuu mkekani, akashukuriwa kama anavyoshukuriwa mpita njia. Maji akanywa. Halafu akainuka.

"Khamtan, washa bajaji."

"Unaondoka? Hata hujala!"

"Nipeleke gatini. Pitia nyuma ya hekalu, asituone."

Ngazi za gati zilikuwa zimeota majani. Bualai akavua viatu, akashuka hadi chini, akaingia majini mpaka magotini, kwa kuwa boti za zamani hazikufika ngazini na kila aliyeshuka alilowa.

"Mama mdogo, una akili kweli wewe?"

"Nyamaza! Nimeoga humu kabla hujazaliwa."

Akatoka na sketi ikichuruzika, akaanza kupanda huku akiita kama alivyoita miaka yote: "Dada Phengdi oooo! Njoo unipokee kikapu!"

Juu kibarazani kiti kikakwaruza. Bualai alipofika ngazi ya mwisho, Phengdi alikuwa amekuja kusimama hapo juu, kijaluba wazi, uzi mweupe mkononi. Kwanza aliinama akaliminya pindo la sketi.

"Umelowa, Bualai! Mara ngapi nimekwambia upandishe sketi?"

Akamfunga uzi kifundoni mwa mkono, kama kwao wanavyoziita roho za mwili zirudi kwa mwenyewe msafiri anapofika. "Njooni, roho zote thelathini na mbili. Msibaki majini, msibaki ng'ambo, mwenyewe kafika nyumbani."

Bualai alilia waziwazi, bila haya, kikapu kikiwa bado begani.

Wakala, wakatafuna tambuu, wakasengenya marehemu. "Hii kaniletea mama mmoja wa barabarani," Phengdi akasema. "Mwema, ila kachoka. Mmepishana?"

"Tumepishana, dada."

Saa kumi na nusu Khamtan akapiga honi kule hekaluni. Basi la mwisho lilikuwa la saa kumi na moja.

"Boti yako hiyo," Phengdi akasema. "Nenda. Nitasimama hapa mpaka unipungie mtandio."

Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Phengdi hakuondoka gatini mpaka mdogo wake akanyage ng'ambo na kupunga. Bualai akashuka hadi majini, akasimama. Ng'ambo aliliona paa la nyumba yake. Kushoto Khamtan alikuwa anampungia mikono, basi, basi! Na juu, dada yake, mkono kwenye paji la uso, akingoja mtandio ambao hakuna wa kuupunga. Angesimama pale mpaka giza.

Akakumbuka miaka ile ya mwanzo ya ndoa, yeye na dada yake walivyokuwa wakiomba mto uchafuke ili abaki japo usiku mmoja. Akageuka, akapanda ngazi tena.

"Dada, mto umechafuka. Boti haivuki leo."

Phengdi akautazama mto. Ulikuwa umetulia tuli kama maji ya beseni. Akautazama muda mrefu, kisha akamshika mdogo wake mkono, pale penye uzi.

"Nimeuona," akasema. "Umechafuka vibaya sana. Twende ndani, Bualai."