Dagaa wa Watu Wawili

Juzi, kwenye duka la dawa za mifugo Kariakoo, nilimwona mzee mmoja aliyeshindwa kutulia. Mara akae, mara asimame, mara afunue kikapu amchungulie paka wake aliyekonda na kunyonyoka manyoya.

“Shikamoo, baba. Anakula nini?” dada muuzaji alimuuliza.

“Marahaba. Chai ya maziwa na mkate.”

“Paka anataka samaki au nyama, baba.”

“Mama watoto ndiye aliyekuwa akimchemshia dagaa. Tangu afariki, paka anakula ninachokula mimi.”

Dada yule alimtazama paka, kisha akaitazama saa ya mzee iliyokuwa ikimpwaya mkononi.

“Basi chemsha dagaa wa watu wawili.”

“Chumvi niweke?”

“Kwako weka. Kwake usiweke.”

Mzee alitoka haraka kuelekea sokoni. Hadi sasa najuta kwamba sikumfuata nione kama alinunua.